4K ya Kariakoo: ninunue, nisinunue?

Najua nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, lakini mwaka wa nne wa Geomatics si mchezo, anayebisha aje hapa Ardhi ajionee. Leo nina jambo moja tu, na limenikosesha usingizi kuliko hata disetesheni yenyewe. Nina shilingi 430,000 mkononi. Si bumu, maana bumu la 10,000 kwa siku sote tunajua linaishia kwa mama ntilie na nauli. Hii ni hela ya kazi, ya kuunga-unga tangu field mpaka leo. Na Kariakoo kuna monita ya inchi 27, ya 4K, iliyotumika, Dell, safi haina mkwaruzo, muuzaji anataka hiyo hiyo 430,000. Utadhani kaniangalia mfukoni, teh teh teh!

Kwa wasiojua haya mambo, 4K maana yake kioo kina pikseli 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu. Pikseli ni kale kadoa kadogo ka rangi kanakojenga picha. Majirani zetu wa Mlimani watakumbuka kwamba hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa mwaka 2017, zilijengwa kuchukua wanafunzi 3,840. Sasa wachukue wote wale, wapange mstari mmoja, kila mmoja ashike kidoa kimoja: huo ni mstari mmoja tu wa 4K. Bado ipo mistari 2,160 ya namna hiyo. Jumla zinakaribia pikseli milioni 8.3. Laptopu yangu, ThinkPad T450 ambayo wengi mnaijua kwa kelele za feni yake, ina 1,366 kwa 768, yaani milioni moja na kidogo. Mara nane! Mtu ukisikia hivyo mate yanakutoka.

Lakini mimi siyo mtu wa kununua namba. Nikajiuliza: hizo pikseli milioni nane zitanifanyia nini mimi, kwa kazi yangu mimi?

Kazi yenyewe ni hii. Kuna kakampuni kamoja kananipa picha za droni za makazi, mimi nachora mapaa. Kila paa la nyumba nalizungushia mstari kwenye QGIS, linakuwa umbo, linaingia kwenye ramani. Ni kazi ile ile ambayo kaka na dada zetu waliifanya kwenye Ramani Huria kuanzia 2015, wanafunzi wa Ardhi na wa UDSM walipoingia mitaa kama Tandale wakishirikiana na wananchi kuchora nyumba na mitaro kwa ajili ya mambo ya mafuriko. Tofauti ni kwamba mimi nalipwa kwa paa, shilingi 60. Kazi niliyonayo sasa ina mapaa kama 4,000. Piga hesabu, ni 240,000. Si haba kwa mwanafunzi.

Picha yenyewe kila pikseli ni sentimita 5 za ardhini. Hapo ndipo nikapata kipimo changu. Badala ya kuuliza monita ina pikseli ngapi, nikauliza inanionyesha mita ngapi za mtaa kwa mara moja, bila kuikuza wala kuipunguza picha:

- Laptopu yangu (1,366 x 768): mita 68 kwa 38. Kilomita moja ya mraba inanibidi niisogeze vipande 381.
- Monita ya kawaida (1,920 x 1,080): mita 96 kwa 54. Vipande 193.
- Ile ya kati (2,560 x 1,440): mita 128 kwa 72. Vipande 109.
- 4K (3,840 x 2,160): mita 192 kwa 108. Vipande kama 48.

Hapo sijatoa nafasi ya vitufe na orodha za QGIS zinazokula pembeni, lakini picha umeipata. Kutoka vipande 381 hadi 48! Nilipomaliza hesabu hii usiku nilikuwa nimeshanunua kichwani, imebaki kupanda gari tu.

Ila kabla hujatoa hela, usiamini hesabu ya usiku. Mshikaji wangu mmoja hapa Changanyikeni anayo ile ya kati, 1,440, inchi 27. Jumamosi nikahamia getoni kwake na laptopu yangu, nikachora mapaa huku nikiangalia saa. Kwenye kioo cha laptopu huwa nachora kama mapaa 50 kwa saa. Maabara chuoni, kwenye 1,080, nafika 62. Kwa mshikaji nikafika 70. Yaani kazi ya mapaa 4,000 inashuka kutoka masaa 80 hadi 57. Masaa 23 yamerudi mfukoni, na hayo ndiyo masaa ya disetesheni. Hapo sikuhitaji kushawishiwa na mtu.

Jumatatu nikapanda gari la Kariakoo pale Mwenge, laptopu mgongoni, picha yangu ya droni ndani. Nawaambieni wadau, msiende kuangalia monita mikono mitupu. Dukani watakuwekea video ya samaki wa rangi rangi, na samaki hata kwenye kioo kibovu anapendeza. Beba faili lako. Muuzaji, mtu mzima fulani mpole, akaniambia, "Bosi, hii chuma, weka chochote unachotaka." Nikamwambia, "Sawa mzee, ila nitakaa nayo kidogo." Akacheka, akanisogezea stuli.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo watu wengi wanapopigwa bila kupigwa na mtu. T450 haina HDMI. Ina VGA na lile tundu dogo la Mini DisplayPort. Kwa VGA, 4K sahau kabisa. Mzee akanipa adapta ya kutoka Mini DisplayPort kwenda HDMI. Picha ikatoka, 4K kamili, ila mshale wa mausi unatembea kama umelewa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta inaandika 30Hz. Maana yake kioo kinachora picha mpya mara 30 tu kwa sekunde, badala ya 60. HDMI ya toleo la 1.4 ndipo inapoishia kwa 4K, mpaka lilipokuja toleo la 2.0 mwaka 2013. Kwa filamu hutaona tatizo. Kwa mtu anayebofya kona za mapaa siku nzima ni mateso. Tukatafuta waya wa DisplayPort moja kwa moja, mzee akaupata chini ya boksi, tukachomeka, ikapanda 60Hz. Mshale ukaacha pombe.

Na hili si la duka lile wala la monita ile. Ukifuatilia historia ya hivi vioo utaona kitu kimoja: kila rezolusheni kubwa ilipokuja kwa bei ndogo, kuna mahali palikuwa pamekatwa. Mwaka 2001 IBM walitoa kioo cha inchi 22 chenye pikseli 3,840 kwa 2,400. Ndiyo, 2001, wakati sisi wengi hatujazaliwa! Hawakukata rezolusheni, bei ndiyo iliyokuwa ya maelfu ya dola. Mwaka 2012 watu wakaanza kuagiza monita za inchi 27 kutoka Korea, 2,560 kwa 1,440 kwa bei ya kutupa, lakini ukiletewa yenye vidoa vilivyokufa, kuirudisha ni kuivusha bahari upya. Mwaka 2013 Seiki wakatoa televisheni ya inchi 39 ya 4K kwa dola 699, waandika programu huko Marekani wakaifanya monita. Imekatwa wapi? 30Hz. Mwaka uliofuata Dell nao wakaja na P2815Q ya inchi 28 kwa bei ya namna hiyo hiyo. Nayo 30Hz. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji siyo "ni 4K kweli?" Swali ni "imekatwa wapi?" Kwa monita iliyotumika jibu huwa ni waranti, matundu ya zamani, na taa ya nyuma iliyochoka.

Basi nikaanza kuchora. Kusema kweli, wadau, kioo ni kitamu. Mtaa mzima uko mbele yako, unaona mpaka mtungi wa maji juu ya bati. Na maandishi! Nikafungua PDF ya noti, herufi zimekaa kama zimechapwa kwenye karatasi. Hili lina sababu yake. Mtu mwenye macho ya 6/6 anaweza kutenganisha vitu vilivyoachana dakika moja ya pembe, ambayo kwa umbali wa sentimita 60 ni kama milimita 0.17. Pikseli ya 4K kwenye inchi 27 ina kama milimita 0.16. Yaani imeingia chini ya uwezo wa jicho, vidoa huvioni tena. Ile ya mshikaji, 1,440, pikseli yake ni milimita 0.23. Na hapa nikakutana na kitu ambacho sikukitegemea: kioo cha laptopu yangu nacho ni 0.23! Maana yake 1,440 ya inchi 27 haitanipa herufi kali kuliko ninazoona sasa. Itanipa meza kubwa tu. 4K ingenipa meza na ukali kwa pamoja.

Ila kuna mtego. Kwenye 4K ya inchi 27 ukiacha kila kitu katika ukubwa wake wa asili, vitufe vinakuwa kama punje za ulezi. Inabidi umwambie Windows akuze, asilimia 150 au 200. Ukikuza 200, nafasi ya vitufe na madirisha inakuwa sawasawa na ile ya 1,080. Ukikuza 150, inakuwa sawa na ya 1,440. Kwa anayeandika ripoti na kusoma, 4K haimwongezei nafasi, inamwongezea ukali. Mimi picha ya droni ndiyo inayonufaika, kwa sababu QGIS naweza kuikuza vitufe huku picha ikibaki pikseli kwa pikseli.

Haya, dakika 20 zikaisha, nikahesabu. Mapaa 24. Kwa saa ni 72.

Nikahesabu tena. 72. Kwa mshikaji nilipata 70.

Nikakaa kwenye stuli nikatafakari. Vipande vimepungua kutoka 109 hadi 48, mbona mapaa hayajaongezeka? Jibu nililipata nikiangalia mkono wangu. Paa la kawaida lina kona nne, lile la banda la uani limeunganishwa na la mbele lina sita au nane, na kila kona ni lazima niibofye. Kioo kinapunguza kusogeza ramani, lakini hakipunguzi kubofya. Nilipotoka kwenye laptopu kwenda 1,440, kusogeza kulikuwa kunakula muda mwingi, ndiyo maana nikafaidi. Kule juu kusogeza kumeshakuwa kidogo, kilichobaki ni kidole. Na kidole hakina 4K. Halafu na laptopu yenyewe, yenye RAM ya 8GB na grafiki za kuunganishwa humo humo, kila nikisogeza ramani inafikiri kwanza, maana sasa ina pikseli nyingi zaidi za kuchora upya. Tena hizo dakika 20 nilikuwa mbichi, nimetoka kunywa maji, nina hamu. Sitegemei masaa matano baadaye niwe na kasi ile.

Mzee akashusha mpaka 400,000. Pembeni alikuwa nayo ya 1,440, inchi 27, akaitaja 250,000, tukaelewana 230,000 nikiirudia. Tofauti 170,000. Nikamwomba siku mbili, akakubali bila makunyanzi, Mungu ambariki.

Jioni nikampigia mama Ifakara. Mdogo wangu kapangiwa kidato cha tano Tabora. Ada ya kidato cha tano na sita serikali iliiondoa mwaka 2022, tunashukuru, lakini godoro halijaondolewa, wala sare, wala nauli ya Ifakara mpaka Tabora. Mama hajaniomba kitu, na ndiyo maana inaniuma zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umekula?"

Nikamweleza habari ya monita. Sikutaja 4K, nikasema kioo kikubwa cha kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hicho kioo kitazaa, au kitakaa kama kabati la vyombo vya wageni?"

Wadau, pale nilicheka, ila swali likabaki. Nyumbani tuna kabati la vyombo ambavyo sijawahi kuvila. Vinapendeza, vinafutwa vumbi kila Ijumaa, mgeni akija anaviona. Nikamjibu, "Kitazaa mama, kitanirudishia masaa." Akasema, "Basi nunua kinachozaa, kinachopendeza utanunua ukiajiriwa." Halafu akahamia kwenye bei ya mpunga.

Kwa hiyo uamuzi ndiyo huo: kesho nafuata ile ya 1,440. Masaa 20 kati ya yale 22 ninayoweza kuyaokoa kwa kila saa mia za kazi... hapana, tuache hesabu za kichwa, nisiwachoshe. Niseme hivi: kati ya mapaa 22 ambayo 4K ingeniongezea kwa saa, 1,440 inanipa 20. Hayo mawili yaliyobaki yanagharimu 170,000, na 170,000 ni godoro, sare na tiketi ya basi. Nikiweka hivyo, sioni hata cha kubishania.

Roho inauma kidogo? Inauma. Zile herufi nitaziota. Na mshikaji wangu ananiambia, "Mwanangu, nunua 4K ikae miaka, utabadilisha laptopu baadaye." Hoja anayo. Lakini monita iliyotumika taa yake ya nyuma nayo inazeeka, na hiyo laptopu ya baadaye sina tarehe yake. Siwezi kununulia kioo laptopu ambayo haijazaliwa.

Sasa isije mtu akasema nimeiponda 4K. Kama laptopu yako ina USB-C inayotoa picha, na kazi yako ni kusoma na kuandika siku nzima, sheria, tiba, kodi za programu, nunua, macho yako yatakaa na herufi safi na hutajuta. Mpiga picha na mhariri wa video pia, mashine ikiwa na nguvu. Kama una T450 kama mimi au ya umri wake, pima kwanza. Na kama monita ni ya kuangalia muvi kitandani, 1,080 inakutosha kabisa, usijitese.

Mambo ya kuangalia dukani, nimeyaandika nyuma ya daftari, nanyi yachukueni. Moja, beba laptopu yako na faili lako. Mbili, hakikisha inaandika 60Hz. Tatu, fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, kioo kizima, utafute vidoa vilivyokufa na pembe zilizofifia. Nne, iache ikiwaka nusu saa, tatizo lingine linasubiri joto. Tano, soma kibandiko cha nyuma ujue inakula wati ngapi. Ikiwa ni 40, kwa masaa sita kwa siku ni kama uniti 7 za LUKU kwa mwezi, na kwenye geto la kuchangia watu watakuuliza. Sita, kumbuka monita haina betri. Umeme ukikatika laptopu inaendelea, kioo kikubwa kinalala, kwa hiyo hifadhi kazi yako mara kwa mara.

Na macho? Hakuna rezolusheni inayotibu macho ya mtu anayekesha. Kaa mbali kidogo, pepesa, inuka utembee.

Kesho nikirudi na boksi kwenye bajaji nitawaambia. Mwenye waya wa Mini DisplayPort kwenda DisplayPort wa kuniuzia anitafute kabla sijautoa 25,000 dukani. Na mwenye basi zuri la kwenda Tabora anitajie, dogo anaripoti hivi karibuni.

Wasalaam, tuko pamoja.